Kula na Mkwe, Hoteli ya Pazia

Juzi mkwe wangu alinipeleka kula hotelini. Nalisema mapema ili ujue uchovu wangu unatoka wapi, maana ukinisikia nalalamika utadhani kijana wa watu alinikosea. Hakunikosea kitu. Nilikuwa nimetoka Mwanza asubuhi kuja Somanda, hapa Bariadi mjini, kumwona binti yangu aliyejifungua, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi, kiuno kinaniuma, na kijana akaona si vizuri mama mkwe afike aingie moja kwa moja jikoni. "Mama, leo pumzika. Nakupeleka sehemu maarufu," akasema. Akaita bajaji, akanishika mkono kunipandisha, tukaenda.

Nilipoona bajaji inakunja kuelekea ilikokuwa stendi ya zamani, nikajua. Jamani, ile hoteli bado ipo! Jina wamebadilisha, wameweka bango lenye picha ya kuku, viti vya plastiki, televisheni ukutani inapiga kelele peke yake. Lakini mlango ni ule ule, na kizingiti ni kile kile kilicholika katikati kwa miguu ya watu. Sisi tuliiita Hoteli ya Pazia. Pazia lenyewe halipo. Nilisimama pale mlangoni nikilitafuta kwa macho kama mjinga, mpaka kijana akaniuliza, "Mama, unatafuta choo?"

Tukakaa. Yeye akakaa mbele yangu kabisa, uso kwa uso, magoti yake karibu yaguse yangu. Akaninawisha mikono. Chakula kilipokuja akachagua mnofu mzuri kwenye sahani yake, kwa vidole vyake mwenyewe, akaniwekea kwangu. "Kula mama, usione aibu." Nikala. Ningefanyaje? Alikuwa anatafuna huku ananisimulia biashara yake ya vipuri vya pikipiki, nami naitikia ehee, ehee. Si kwamba namchukia. Ni kijana mzuri, anampenda binti yangu, simu yake imejaa picha za mtoto. Nimechoka tu, rafiki yangu. Nimechoka kuwa mtu pekee mezani anayejua kwamba kuna kitu hakipo.

"Wanasema zamani hapa palikuwa na mambo," akaniambia. "Eti walikuwa wanauza nyama ya ng'ombe waliojifia."

"Hawakujifia," nikamjibu. "Walikuwa maksai." Nikanyamaza, maana ningeanzia wapi? Wewe angalau una muda, ngoja nikueleze.

Maksai ni wale ng'ombe dume waliohasiwa wakavuta majembe mashambani mpaka wakazeeka. Wakishindwa kulima walipelekwa mnadani, na mama mwenye hoteli ile aliwanunua hao hao. Nyama yao ilikuwa ngumu, we acha tu. Ilichemka kwenye masufuria makubwa meusi tangu alfajiri na bado ilikushinda. Lakini supu yake! Supu ya maksai ina utamu ambao ng'ombe mchanga hana. Ukikamulia ndimu, ukaweka pilipili, jasho lilikutoka mpaka nyuma ya masikio. Kulikuwa na ugali mweupe wa kukata kwa uzi, na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa yakaungwa kwa karanga, na maziwa mgando kwenye vikombe vya bati. Mezani palitandikwa mpira wenye maua uliokatwakatwa na visu, nao ulinata kwenye viwiko. Moshi wa kuni uliingia kutoka nyuma na kutulia darini. Ukitoka pale, nguo zilinuka Hoteli ya Pazia siku nzima.

Na pazia nalo lilikuwepo. Lilikata chumba katikati kutoka ukuta hadi ukuta, limeshonwa kwa khanga za kila namna, kuukuu hadi maneno hayasomeki. Upande wa mbele palikuwa na mwanga wa mlango. Upande wa nyuma palikuwa na kiza kidogo, na mlango wake wa kutokea jikoni.

Kwa wazee wetu, mwanamume hakula mbele ya mama mkwe wake, wala mama mkwe hakutafuna mbele ya mkwe. Wakikutana njiani mmoja aliacha njia akaingia majanini. Mikono hawakupeana. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, tena nzito. Sasa siku ya mnada watu walitoka vijijini na wakwe zao, kiguu na njia, njaa inawauma wote, na wote hawana pa kulia. Yule mama ndiye aliyeliona hilo. Alisimama mlangoni na mwili wake mkubwa, upawa mkononi, akauliza kila anayeingia: "Mmetoka wapi? Nani na nani?" Akishajua mkwe wako yumo ndani, aligonga mfuniko wa sufuria. Hapo nyuma ya pazia taya zote zilisimama, watu wakakaa kimya na nyama mdomoni, mpaka mgeni akae kwenye benchi upande wake. Kisha kutafuna kukaendelea.

Sasa watu wa mjini, wasio na wakwe wa kuogopa, waliona pazia wakawaza yao. Wakasema ni maficho ya waume za watu. Katekista wetu aliisema madhabahuni, akatukataza kabisa, na Jumatatu alionekana pale anakunywa supu, akisema amekuja kuhakikisha. Wengine walisema nyama ni kibudu. Wengine wakaapa kwamba mama yule ametia dawa kwenye chungu ili watu wasikome kuja. Kila mtu aliisema vibaya na benchi halikuwahi kuwa tupu.

Mimi niliingia mara ya kwanza nikiwa mtoto wa shule ya msingi, madarasa ya chini, na sikwenda kwa ajili ya supu. Nilikwenda kumrudisha mama yangu.

Mama alikuwa ameondoka nyumbani. Mdogo wangu wa kiume alifariki kwa homa kabla hajaanza kutembea, na siku ya msiba, watu wamejaa uani, shangazi yangu, dada yake baba, akasema kwa sauti: "Huyu mwanamke mkono wake una kasoro. Watoto hawakai." Nilikuwa nimekaa juu ya pindo la khanga ya mama. Nilimsikia akiacha kulia, ghafla, kama mtu aliyeitwa. Aliinua uso akamtazama baba. Watu wote wakamtazama baba. Unajua huku kwetu neno la namna ile halipiti hivi hivi, linaweza kumfuata mwanamke mpaka kaburini. Baba akatazama miguu yake. Hakusema kitu.

Mama alisubiri matanga yaishe. Hakugombana na mtu, hakutukana. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akanikumbatia, akarudi kwao Kalemela, kule ziwani. Mimi nilibaki, maana watoto kwetu ni wa upande wa baba.

Ule msimu sitausahau. Ilikuwa wakati wa kuvuna pamba, nyumba imejaa pamba mpaka dirishani, na sisi watoto tulilala juu yake kwa sababu vitanda vilikuwa chini huko. Ni laini, ndiyo, lakini inawasha, na ina joto la kukufanya uote ndoto mbaya. Asubuhi nilikwenda lamboni na ndoo kuchota maji yaliyofanana na chai ya maziwa. Shangazi alitupikia. Ugali wake ulikuwa na madonge ya unga mbichi, na aliponisuka nywele alinivuta mpaka macho yakapanda. Sikumchukia hata yeye, nilikuwa mdogo mno kujua namna ya kuchukia. Nilimtaka mama tu. Nilimtaka mchana na nilimtaka jioni, na hakuna aliyeniuliza.

Baba naye alirudi kutoka shambani akakaa kwenye kigoda, kimya. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Ng'ombe wake aliwasemesha vizuri kabisa, kwa majina yao, akawauliza wameamkaje. Watu walimshinda.

Ndipo neno likaja kutoka Kalemela. Bibi yangu, mama yake mama, alisema hivi: atamleta binti yake mpaka Bariadi mjini, Hoteli ya Pazia. Hatavuka hapo, maana hawezi kumrudisha mtoto wake mlangoni kwa mtu kama mzigo ulioanguka. Baba aje. Aseme kwa kinywa chake, mama akisikia, kwamba yale maneno ya dada yake yalikuwa uongo. Akisema, mke wake huyo. Asiposema, watakula, watapanda basi, na habari itakuwa imekwisha.

Baba alifua shati lake mwenyewe, akalianika kwenye ua. Asubuhi akanipandisha kwenye keria ya baiskeli. Njia nzima nilitazama mgongo wake na lile shati lililokauka likiwa limekunjamana, na nilikuwa naomba kimoyomoyo, Mungu wangu, baba aseme.

Mlangoni mama mwenye hoteli alimtazama juu hadi chini, akamsalimia kwa lugha yetu. "Mwadila, bhabha. Unakutana na nani?"

"Na watu wa ukweni kwangu."

"Wameshafika. Wako nyuma." Akageuka akagonga mfuniko. Nyuma ya pazia pakawa kimya.

Mimi sikungoja kukaribishwa. Nilipita chini ya pazia nikamkuta. Alikuwa amekonda. Alinuka sabuni na moshi wa samaki, na alinishika mpaka mama mwenye hoteli akasema, "Mwachie basi mtoto apumue." Pembeni yake alikuwa bibi, mdogo kwa umbo, meno yamebaki ya kuhesabu, kitenge kimefungwa kifuani. Alinipa dagaa waliofungwa kwenye gazeti na kuniita ng'wanawane, mwanangu, kama alivyoniita siku zote.

Chakula kikaja pande zote mbili. Na mazungumzo yakaanza, kwa ule utaratibu wao. Baba na bibi hawakuweza kusemezana moja kwa moja. Ilibidi wapitie kwangu.

"Mwambie baba yako," bibi alisema, "mvua huko kwenu ikoje?"

"Baba, bibi anauliza mvua ikoje."

"Mwambie bibi yako mvua si mbaya."

"Bibi, baba anasema si mbaya."

Wakati huo wote wanasikiana! Pazia lenyewe ni khanga, si ukuta. Hata wanywa supu wa mlangoni walikuwa wameshajua mvua yetu ikoje. Kuna mahali nilinyamaza, nikaona hamna haja, bibi akanigonga begani. "Sema. Mimi sikuongea naye." Nikarudia. Wakaenda hivyo kwenye ng'ombe, wakaenda kwenye pamba, wakaenda kwenye samaki wa Kalemela kwamba wamepungua. Kila kitu chini ya jua kilitajwa isipokuwa kile kimoja. Mama hakula. Alikuwa ameshika tonge moja la ugali analiviringisha, analiviringisha, limeshakuwa jeusi kwa jasho la mkono.

Nilipita chini ya pazia nikaenda upande wa baba. Supu yake ilikuwa imepoa, mafuta yameganda juu. Jasho lilimsimama puani. Nikamshika mkono, nikamnong'oneza, "Baba, sema."

"Kula nyama," akaniambia.

Nilirudi kwa mama nikitaka kulia. Bibi naye uvumilivu ukamwisha. "Mwambie baba yako," akasema, na sauti yake haikuwa ya kunong'ona tena, "basi letu la Lamadi linakaribia kuondoka."

Nilimwambia. Bibi alingoja, akangoja, kisha kwa hasira akachukua pande la nyama akalitia mdomoni, na kwa meno yake yale, na kwa hasira ile, hakulitafuna.

Lilimkaba. Kwanza sikuelewa, nilidhani anacheka. Halafu niliona macho yake yanatoka na mkono wake unapiga meza bila sauti. Mama akaruka akaanza kumpigapiga mgongoni, lakini kwa woga, kama unavyompiga mtoto mchanga. "Mama! Mama!" Mama mwenye hoteli alikuwa nje kwenye kuni. Uso wa bibi ulikuwa unabadilika rangi. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Baba, bibi anakufa!"

Baba akapita kwenye pazia. Lilichanika kwenye mshono mmoja, nililisikia. Alijigonga kwenye kona ya meza, bakuli la supu likamwagika, akapapasa hewani kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Nikaona ni kile kiza cha upande ule, maana alitoka kwenye mwanga. Mkono wake ukalipata bega la bibi. Akaliinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja, pigo la mtu aliyezoea majembe. Pande la nyama likatoka likagonga ukuta. Bibi akavuta pumzi. Sauti ya pumzi ile ninaisikia mpaka leo.

Kisha bibi akatambua mkono ulioko begani kwake ni wa nani. Alipiga ukelele mdogo, na haukuwa wa maumivu. Alivuta kitenge akajifunika kichwa chote, akageukia ukutani. Baba alikuwa ameshatoka. Nilimsikia upande wake akihema.

Ndipo akasema. Hakusema mwambie bibi yako. Alisema mwenyewe, moja kwa moja, akimwita mama kwa lugha yetu, na kila mtu anasikia.

"Mayu. Yale maneno ya dada yangu hayakuwa ya kweli. Mke wangu hana kosa lolote. Nilitakiwa kuyakataa siku ile ile, mbele ya watu. Nilishindwa."

Mama aliliweka lile tonge sahanini. Alinawa mikono polepole, akachukua kitenge chake chenye nguo, akapita kwenye pazia. Nilipochungulia, alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni ya baba, amelishika bakuli lake kwa mikono miwili, anakunywa ile supu iliyopoa na mafuta yake yaliyoganda. Hakumsemesha. Alikunywa yote. Mimi nilicheka kwa sauti, nikarukaruka pale katikati kama kichaa, na watu wasiotujua wakacheka na mimi.

Nilipokwenda nyuma kumwambia bibi, hakuwepo. Alikuwa ametoka kwa mlango wa jikoni. "Msimfuate," mama mwenye hoteli alisema. "Mwacheni apande basi lake."

Tukarudi nyumbani watatu, baba anasukuma baiskeli. Habari zilikuwa zimeshatutangulia, maana shangazi tulimkuta amekwisha fagia jikoni, amemwachia mama kigoda chake. Hakuomba radhi, lakini lile neno halikutoka tena kinywani mwake. Jioni ile tulikula ugali usio na madonge. Nililala nimeshika pindo la khanga ya mama, na nikajua kwamba mambo yamekwisha.

Hayakwisha, rafiki yangu. Nilichelewa kujua tumelipa nini.

Bibi alikuwa na kawaida ya kuja kwetu kila baada ya mavuno. Alifika na furushi la dagaa na samaki wakavu, baba akahama kwa heshima, akaenda kulala kwa jirani, na nyumba yote ikawa ya wanawake. Bibi alilala kitandani kwangu. Alitafuna karanga kwa ufizi gizani na kuniambia habari za ziwa, za viboko, za mumewe aliyekuwa anaogopa maji na bado akawa mvuvi. Zilikuwa siku zangu bora kuliko Krismasi. Mwaka ule, mavuno yakaisha, sikumwona. Mwaka uliofuata vivyo hivyo.

Wazee wa upande wa baba walijua la kufanya. Walipeleka mbuzi Kalemela, wa kuosha jambo lile, kwa sababu mkwe alikuwa amemgusa mama mkwe wake na kumwona akila. Mbuzi alirudi na mjumbe aliyempeleka. "Mwambieni sina neno naye," bibi alijibu. "Ameniokoa. Lakini ameniona mdomo wazi, mate yananitoka. Nitakaaje uani kwake?" Mama alikwenda akambembeleza. Akalia. Bibi naye akalia, na hakuja.

Likizo zingine nilipelekwa Kalemela, na kila mara alinikaanga kwa maswali kuhusu baba. Anakula vizuri? Mgongo wake haumsumbui? "Mwambie baba yako namsalimia sana." Nilimwambia. Baba aliitikia kwa kichwa, akaenda zizini. Nilipoolewa, sherehe ilifanyika nyumbani kwa baba kama inavyotakiwa, na bibi hakuwepo. Alinitumia mkeka aliousuka mwenyewe. Wageni waliusifia sana ule mkeka, mimi niliingia ndani nikaulilia.

Alifariki nikiwa tayari na watoto wangu. Tukaenda Kalemela wote. Siku ya kumzika watu walipanga mstari kumuaga, na baba alikuwa ameketi mbali, kwenye rundo la nyavu zilizochakaa, kofia mkononi. Mzee sasa, mvi tupu. Nikamfuata.

"Baba, nenda ukamuage. Leo hakuna atakayekusema."

"Hapana. Sitamtazama leo, kama sikumtazama siku ile."

Nikadhani uzee. "Siku ile hotelini? Mbona ulimwona, baba. Sote tulikuwepo."

"Nilifumba macho," akasema. "Tangu kwenye pazia. Niliufuata mkono wangu kwa kupapasa, nikasikia bega, nikapiga. Nilipofungua macho nilikuwa nimesharudi kwenye benchi langu. Sikumwona mama mzazi wa mama yako hata kidogo, mwanangu."

Nyuma yangu mama alikuwa amesimama na kikombe cha chai aliyomletea. Alikuwa amesikia yote. Chai ilikuwa inamwagikia kidole na hakuhisi.

"Ungesema," alisema.

"Ningesemaje? Nimpelekee salamu mama mkwe kwamba sikuona mdomo wake? Hata kulitaja ni kumvunjia."

"Ungeniambia mimi. Ningemwambia mimi." Sauti ya mama haikupanda. "Miaka yote ile. Ungesema tu."

Mama alimwekea kikombe chini, kwenye mchanga, akarudi kwa wanawake wenzake. Baada ya msiba alikwenda naye nyumbani, akampikia, akamtunza mpaka naye baba akatutoka. Lakini sikumsikia tena akimtania.

Ndiyo maana juzi nilikula kimya. Binti yangu hajui, mkwe wangu hajui, na hata wakijua wataona ni mambo ya wazee, watacheka kidogo, watarudi kwenye simu zao. Sawasawa. Kijana ananiona nikitafuna kila siku na hatanikimbia kwa hilo, wala mimi sitamkimbia. Wakati mwingine husema mbele yangu mambo ambayo ningependa asiyaseme, lakini husema. Adabu ile ya zamani sitaki irudi, nakuambia ukweli. Ilikuwa nzuri, na ilikuwa nzito, na wenyewe wameondoka nayo. Nisingependa mjukuu wangu aliyezaliwa wiki hii aibebe.

Ila ningepewa siku moja tu ya zamani zile, nisingechagua siku ya hotelini, wala ya arusi yangu. Ningechagua jioni yoyote baada ya mavuno, bibi ameketi jikoni kwa mama, baba yuko uani na ng'ombe wake, na bibi anakula taratibu, anashiba, bila kuutazama mlango.